Kung'oa Jino Jovel

Kwenye ramani mji huu una jina la mtakatifu.
Sisi twauita Jovel, yaani nyasi,
zile ndefu za kuezekea,
kabla hajaja mtu na vigae na kengele.
Bibi yangu Pashku aliniambia haya garini,
shavu limemvimba kama aliyeficha limau,
na hakusema lingine mpaka lami ikaisha
na mawe ya mjini yakaanza kututikisa.

Tulishuka sokoni. Ukungu bado umelalia misonobari.
Kuta zilikuwa rangi ya samli, samawati, damu ya mzee.
Nilimshika mkono nikampandisha kijia cha kando.
Akashuka.
Nikampandisha tena. Akashuka,
akashika katikati ya barabara, magari yakimpigia honi,
sketi yake nyeusi ya sufu haina haraka.
"Miguu hii," akasema, "ilifundishwa na polisi."

Alikuwa na miaka tisa. Kijia kilikuwa na wenyewe;
mtu wa mlimani akikikanyaga, husukumwa.
Na pale penye duka la simu leo, palipokuwa mwanzo wa mji,
wanawake wenye shali walimvizia,
wakampokonya mayai kumi na mawili na kuku mmoja,
wakamtupia sarafu matopeni.
Hiyo, kwa hesabu yao, ilikuwa biashara.
Mayai kumi na mawili. Ananihesabia kwa vidole
nisije nikamsimulia mtu vibaya.

Daktari Zebadúa alikuwa mpole, mikono yanukia karafuu.
Alitafuta neno la Kitzotzil la maumivu, akalikosa,
akagusa shavu lake mwenyewe. Bibi akaitikia.
Jino likatoka na mizizi mitatu, kama kidole cha tangawizi.
Wiki ijayo, daktari akasema, arudi awekewe la bandia,
jeupe, lisilooza.
Nikatafsiri.
Bibi, pamba mdomoni: "Mwambie pengo ni langu,
nimeshalilipia. Jino anipe."
Akalifunga kwenye ncha ya shali, mafundo mawili.
Jovel haibaki tena na chake.

Hakutaka kuingia kanisa kuu.
Mishumaa yake huiwasha kwetu, sakafuni,
juu ya majani ya msonobari, ndani ya moshi wa sandarusi,
mahali pasipo viti vya kusema nani akae mbele.
Basi tulikaa ngazini, tukamenya chungwa
ambalo yeye hakuweza kulila.

Kijana mwenye mwavuli mwekundu alikuwa akiwazungusha wageni.
Aliwaonyesha ukuta wa manjano, akawahesabia karne,
kisha akashusha sauti kama wafanyavyo watu matangani:
Wamaya walitoweka, na hakuna ajuaye kwa nini.
Wageni wakahuzunika. Mmoja akapiga picha ya njiwa.

"Anasemaje?"
"Anasema tumekwisha, bibi."
Akafikiri. Damu kidogo imemchora kidevuni.
"Tulikwisha lini? Maana Jumanne nilikuwa napalilia."
Akacheka, ikamuuma, akashika shavu, akaendelea kucheka,
hata muuza tamale wa pembeni akaambukizwa
bila kujua kichekesho chenyewe.
Kijana aligeuka. Alitutazama muda kidogo
kuliko inavyohitajika kutazama watu usiowajua.
Ana pua ya mjomba wangu.

Wakati wa kurudi, sijui kwa nini,
alipanda kijia mwenyewe, hatua chache,
akipapasa ukuta kama apapasavyo ng'ombe,
kisha akashuka.
Mawe ya katikati, alisema, hayatelezi.

Garini aliniuliza yai siku hizi ni bei gani mjini.
Nikamwambia.
Akanyamaza mpaka kwenye kona ile
mahindi yetu yanapoanza kuonekana.
"Bado wanatupunja," akasema,
na pengo likapiga mluzi.